Aliyesoma Kabla ya Kompyuta

Imeingia vyuoni imani kwamba kompyuta husoma bila upendeleo. Mwanafunzi wa fasihi au historia anaandika neno moja, anabonyeza, na mifano inammiminikia kutoka maelfu ya kurasa. Kazi iliyowakalisha watangulizi wake maktabani miezi mizima inakwisha kabla chai haijapoa. Hii ni neema, wala sina ugomvi nayo. Ninachokikataa ni ile imani.

Chukua hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama zile zilizohifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na SOAS, London. Katika mwandiko wa zamani herufi ba iliweza kubeba b, p na hata mb. Alama ya irabu iitwayo kasra ilisimama badala ya i na e, na ile iitwayo dhuma badala ya u na o. Kwa hiyo neno lilelile laweza kusomwa bata, pata au mbata. Msomaji wa Lamu au Mombasa aliyelelewa na ushairi hakubabaika: mizani, vina na maana ya ubeti vilimwongoza. Lakini anayetafuta neno kwa kompyuta kwa kawaida hatafuti ndani ya hati yenyewe. Anatafuta katika maandishi ya Kilatini yaliyoandikwa na mtu aliyekwisha kuamua kwamba hapa ni pata, si mbata. Pengine aliamua sawa. Hata hivyo aliamua, na uamuzi wake leo unaitwa data.

Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yamepita njia hiyo. Mwalimu Sikujua aliyakusanya, mmisionari W. E. Taylor akayapokea, William Hichens akayachapisha mwaka 1940. Kila mmoja alisoma kwa macho yake.

Ndivyo ilivyokuwa Ulaya pia. Padri Roberto Busa wa Italia alianza mwaka 1949, kwa msaada wa IBM, kuorodhesha maneno yote katika maandishi ya mwanatheolojia Thomas Aquinas. Wasichana waliyaingiza maneno hayo kwa kutoboa kadi kwa mashine, na wasomi wakaamua kila umbo la neno ni la neno lipi. Ndipo hesabu ikawezekana.

Hukumu ya binadamu, basi, haikuondoka, imefichwa tu. Zamani mhariri alitia jina lake na tanbihi zake, ukaweza kubishana naye. Utabishana vipi na kisanduku cha kutafutia? Sayansi za jamii nazo zina mtihani uleule: anayepima maoni ya watu mitandaoni anawasikia wenye simu na bando, kisha anawaita jamii.

Wanaoweka hati mtandaoni waweke picha kando ya maandishi, jina la aliyesoma, na usomaji mwingine unaowezekana. Idara za Kiswahili nazo zifundishe kusoma hati hizi kwa herufi zake, na zianze sasa, wakati wazee wanaozisoma bila kusita wangali hai.