Je, Twamtunza Achezaye Kwao?



Wazee wetu walisema, Mcheza kwao hutunzwa. Neno hili twalinena sana arusini na ngomani. Bali leo nataka tulipime kwa habari ya biashara na kazi za ufundi. Mtu wa kwetu afunguapo duka, au atengenezapo chombo kipya kwa akili yake mwenyewe, je, sisi majirani tunawiwa naye jambo lo lote? Au ni shauri lake peke yake, asimame au aanguke?

Nitasimulia habari iliyonipata mimi hapa Chimala. Palikuwa na kijana mwenye karakana ndogo kando ya njia kuu iendayo Mbeya na Iringa. Kwa vyuma chakavu na injini kuukuu alitengeneza mashine ya kupura mpunga, akaipeleka mashambani wakati wa mavuno. Watu wakastaajabu, kwani kazi ya siku mbili ilikwisha kabla ya adhuhuri. Wakamsifu sana. Lakini wengi, mpunga wao ulipokwisha kupurwa, walimwambia, "Mwanangu, nikiuza tutaonana." Akaandika katika daftari lake. Mpunga ukauzwa, malori yakaondoka, na daftari likabaki vile vile.

Jina langu nami lilikuwamo. Sikukusudia kumdhulumu. Moyoni nilisema, "Huyu ni mtoto wetu, atangoja." Lakini mwenye lori aliyechukua magunia yangu nilimlipa siku ile ile, kwa kuwa ni mtu wa mbali, hanijui. Angalieni basi jambo hili: mgeni nilimlipa kwa sababu hakuniamini, na mwana wa kwetu nilimnyima kwa sababu aliniamini. Baada ya miezi minne nilikwenda kumlipa, nikakuta mlango umefungwa kwa kufuli. Alikosa fedha ya mafuta na vipuri, akauza injini, akaenda Dar es Salaam kutafuta kibarua. Fedha nikampa mama yake. Akaipokea kwa mikono miwili, akanishukuru. Na shukrani ile ilinichoma kuliko lawama.

Watu husema kwamba Mwafrika hafanikiwi katika biashara kwa kuwa hajui kutunza fedha. Neno hili si la haki. Zamani za utawala wa Waingereza palikuwa na sheria katika Tanganyika iliyozuia mikopo kwa Waafrika. Asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika pasipo kibali cha maandishi cha serikali, hakuweza kumdai deni lile mbele ya hakimu. Ilisemwa kwamba sheria hiyo yamlinda Mwafrika asizame katika madeni. Lakini kwa mlango ule ule mwenye duka Mwafrika alifungiwa nje, kwani tajiri wa bidhaa hakuthubutu kumpa mali kauli. Katika siku hizo, mwaka 1934, Erica Fiah, mtu wa Uganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam, alianzisha chama cha wafanya biashara Waafrika, na mwaka 1937 akaanzisha gazeti liitwalo Kwetu. Maana mwenye duka mmoja akilia peke yake, sauti yake haifiki mbali.

Sheria ile haipo tena. Leo tunazo benki, na SACCOS, na VICOBA. Lakini nauliza: ikiwa sheria ya wageni ilimnyima mtu wetu kuaminiwa, je, sisi tusiolipa hatumfanyii neno lile lile pasipo sheria? Hata katika chama cha kuweka na kukopa, mkopo wa mmoja ni akiba ya wenzake. Asiyerudisha hakuila mali ya serikali. Ameila akiba ya mjane aketiye naye benchi moja. Kweli, kukopa arusi, kulipa matanga. Lakini matanga hayo twampelekea nani?

Labda mwingine atajibu, "Je, yanipasa kununua kitu kibovu kwa bei kubwa, eti kwa kuwa fundi ni ndugu yangu?" La, haikupasi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mwenye duka apunjaye kipimo, kisha adai tumpende kwa kuwa ni mwenzetu, ameufanya undugu kuwa kifuniko cha wizi. Huku Usangu twaijua lumbesa, gunia lijazwalo kupita kiasi, nalo latuumiza sawasawa, akiwa mnunuzi ni mgeni au mwenyeji. Kipimo cha haki hakina kabila.

Basi tunawiwa naye nini? Hatuwiwi naye sifa za bure, wala huruma. Tunawiwa naye haki: kumlipa tulichopatana, kwa siku tuliyopatana, kumwambia kosa lake usoni pake, wala si nyuma yake, kumpa nafasi ya kujaribu tena iwapo chombo chake cha kwanza kimeharibika, na kutomwonea kijicho akifanikiwa. Sadaka humlisha mtu leo. Malipo ya haki humwezesha kufungua mlango wake kesho.

Mwaka 2021 nchi nzima ilisikia habari za jirani zetu wa ng'ambo ya milima hii, Mzee Pwagu na Mzee Ngailo wa mkoa wa Njombe, waliojitengenezea umeme kwa nguvu za maji ya mto. Tulifurahi, tukasema, "Kumbe hata kwetu wako watu wenye akili!" Lakini neno hilo "kumbe" latushitaki. Je, ni lazima mtu atangazwe mbali ndipo walio karibu naye wamwone?

Nanyi walimu na wazee wa sharika, tujichunguze sisi kwanza. Fundi akitutengenezea mabenchi ya kanisa, je, twamlipa upesi kama tumlipavyo mwenye duka la mjini? Au twamwambia ajitolee, kwa kuwa ni kazi ya Bwana, hali watoto wake walala na njaa? Kujitolea ni kwake yeye atoaye. Sisi hatuna ruhusa ya kujitolea kwa jasho la mtu mwingine.

Basi kabla ya mavuno yajayo, kila mmoja na ajiulize: Jina langu limo katika daftari la nani? Kisha aende akalipe, asingoje kudaiwa. Kijana yule hajarudi bado. Mama yake amelihifadhi daftari, na majina mengi yaliyomo ni ya watu ambao Jumapili twaimba pamoja.

Mimi ndugu yenu,
Mchungaji, Chimala