Kisichoingia, Usikilazimishe



Kwa sisi tulio Kinampanda, ukiwa unaunga kompyuta ya mezani, kifaa kisichoingia ni mtihani wa moyo. Kukirudisha Dar es Salaam ni gharama na siku za kusubiri basi. Ndipo mkono unashawishika: "Sukuma tu, itaingia!"

Chukua RAM. Ya DDR3 ina pini 240, ya DDR4 ina 288, na pengo la kila moja liko mahali pake. Pengo hilo si kasoro. Limewekwa makusudi, maana DDR3 hutumia volti 1.5 na DDR4 volti 1.2. Likikukatalia, linakulinda.

Sasa najiuliza: kuvumilia na kulazimisha ni kitu kimoja? Mimi naona hapana. Mvumilivu anakagua: labda nimeishika kinyume, labda kibanio hakijafunguka, ngoja nisome namba. Anayelazimisha hataki kusikia "hapana", mwisho anavunja sloti.

Ndivyo ilivyo kwetu. Binti amekwambia hapana, wewe unaendelea kumsukuma na kuita hiyo upendo. Mzazi anamsukuma mtoto seminarini bila kumsikiliza, anaita hiyo wito.

Na RAM iliyokataa haijaharibika, ina mashine yake. Mtume Paulo aliwaeleza Wakorintho hivyo hivyo: viungo ni vingi, mwili mmoja (1 Kor 12). Kukosa nafasi hapa hakukufanyi takataka, ndugu yangu.

Bwana, utupe subira ya kukagua na unyenyekevu wa kupokea "hapana". Amina.