Kipimo cha Mimba na Amana ya Eda

Mwanamke aliyeachwa, akiwa ughaibuni, hununua kipimo cha mkojo katika duka la dawa, akaona hana mimba. Je, eda imemwondokea? La. Kipimo hutafuta homoni inayotoka baada ya mimba kujishika katika mfuko wa uzazi, yapata siku 6 hadi 10 tangu kutungwa. Kikitumiwa mapema hukosea. Tena huenda damu kidogo ikamtoka siku hizo, naye akaidhania hedhi.

Na hata lau kipimo kingeleta yakini, eda haikuwekwa kwa kujua mimba tu. Mjane asiye na mimba hukaa miezi 4 na siku 10, hata akiwa mkongwe asiyezaa. Na katika talaka rejea, muda huo ni mlango wa suluhu.

Surat al-Baqara, aya ya 228, imemharamishia mwanamke kuficha kilichomo tumboni mwake; kwa hivyo kauli yake ndiyo isadikiwayo. Akificha, akaolewa na mwingine, mume hunyimwa haki ya kurejea, na mtoto hunasibishwa na asiye baba yake. Chombo humsaidia kujua. Hakimwondolei amana ya kusema kweli. Basi na azihesabu siku zake kwa uaminifu, na amche Mola wake.