Hali Salama: Ubovu Uko Kwenye Kilichoongezwa

 

Kijana mwenzangu, hapa Unguja kuna sentensi mbili ninazozisikia sana kwa vijana baada ya Misa. Ya kwanza: "Frateri, simu yangu mbovu, inastaki tu." Ya pili husemwa kwa sauti ya chini, watu wakishaondoka na tukiwa tumebaki wawili nje ya Minara Miwili: "Frateri, mimi nimeshaharibika." Mwenye sentensi ya kwanza anatafuta fundi Darajani siku hiyo hiyo. Mwenye ya pili anakaa miezi bila kuungama wala kukomunika, na mwishoni hata Misa anaacha.

Leo nataka tuzijibu zote mbili, kwa sababu jibu la ile ya kwanza linaifungua ya pili.

Tuanze na simu yenyewe

Simu nyingi za Android zinazoitwa mbovu si mbovu. Zimejaa, zimechoka au zimepata joto. Kabla hujatoa hela kwa fundi, fanya haya:

Kwanza, izime kabisa kisha uiwashe. Programu huacha kazi nusunusu kwenye memori, na kuzima kunazisafisha. Wengine wana simu isiyozimwa tangu Pasaka.

Pili, nenda Mipangilio uangalie hifadhi. Ikibaki nafasi kidogo sana, simu inakosa pa kufanyia kazi. Video ile ile uliyotumiwa na magrupu manne ya WhatsApp inaweza kuwa imekaa humo zaidi ya mara moja.

Tatu, joto. Betri za lithiamu huzeeka haraka zikipata joto. Miezi hii ya kaskazi, ukiiacha simu kwenye dashibodi juani, au ukiichaji kwa pawabenki ikiwa juu ya mchanga pale Paje, unaipunguzia maisha. Ikipata moto inapochaji, toa kava, iweke kivulini.

Nne, maji ya chumvi. Ikiangukia baharini, izime mara moja, toa laini, ifute, usiichaji, ifikishe kwa fundi haraka kwa sababu chumvi inakula madini ya ndani. Kuizika kwenye mchele si dawa. Mchele hautoi chumvi, na vumbi lake linaingia kwenye tundu la chaji.

Umefanya yote na bado inagoma? Hapo ndipo napotaka tufike.

Hali salama

Android ina kitu kinachoitwa hali salama. Kwenye simu nyingi unabonyeza kitufe cha kuwashia mpaka neno "Zima" litokee, halafu unalishikilia hilo neno kwa muda. Simu itakuuliza kama unataka iwake upya katika hali salama. Ukikubali, inawaka na programu ilizokuja nazo tu. Zile ulizopakua mwenyewe zinalala. Hazijafutwa, ila haziruhusiwi kufanya kazi.

Hii ni njia ya kupima. Simu ikitulia humo, yaani haistaki, haipati moto, matangazo hayajitokezi yenyewe, basi umepata jibu: kuna kitu ulichoingiza kinachoisumbua, na simu yenyewe ni nzima. Unaiwasha upya kama kawaida, kisha unaondoa programu moja moja, ukianza na uliyoipakua mwisho, mpaka umkamate mkorofi.

Ndiyo maana fundi anayeijua kazi hakimbilii bisibisi. Anakuuliza kwanza, "Umeingiza nini karibuni?"

Mungu aliona ni chema

Sasa twende kwenye ile sentensi ya pili. Kitabu cha Mwanzo 1:31 kinasema Mungu alitazama vyote alivyoviumba, akaona ni vyema mno. Na wewe umo humo.

Nilipokuwa nasoma falsafa, swali lililonikalisha muda mrefu ni hili: ubaya unatoka wapi, kama Mungu aliumba vyema? Mtakatifu Augustino, huyu Mwafrika wa Hippo, alihangaika nalo kabla yetu. Akiwa kijana alifuata kwa karibu miaka tisa mafundisho ya Wamanikea, waliosema ubaya ni nguvu yenye asili yake, nayo imechanganyika ndani ya mtu tangu mwanzo. Fundisho hilo linavutia, kwa sababu linakuondolea lawama: si mimi, ndivyo nilivyotengenezwa. Baadaye Augustino aliona kwamba ubaya hauna mwili wake. Ni upungufu wa wema uliotakiwa kuwepo. Ni kama tundu kwenye kanzu: kanzu inaweza kuwepo bila tundu, lakini tundu haliwezi kuwepo bila kanzu.

Kwa hiyo sikiliza tofauti. Kijana akisema "nimetenda dhambi", anaongea kama Mkristo. Akisema "mimi nimeharibika, ndivyo nilivyo", anaongea kama Mmanikea bila kujua.

Najua mfano wangu una mipaka. Simu haina dhambi ya asili, sisi tumezaliwa na jeraha. Hata ukituondolea marafiki wabaya na intaneti yote, bado tunavutwa upande wa ubaya. Lakini Katekisimu (namba 405) inasema wazi kwamba asili yetu imejeruhiwa, haikuharibika kabisa. Mgonjwa anatibiwa kwa sababu chini ya jeraha bado kuna mwili mzima.

Hali salama ya mkristo ni mafungo, ni saa ya kuabudu Ekaristi, ni Kwaresima. Yesu mwenyewe alikuwa akijitenga mahali pa faragha kusali (Lk 5:16). Kaa saa moja mbele ya Sakramenti Takatifu, simu umeiacha nyumbani. Angalia ni nini kinatulia ndani yako, na ni nini kinapiga kelele kikitaka kurudishwa. Umeshaanza kumwona mkorofi.

Nani umempa ruhusa?

Tangu Android 6, iliyotoka mwaka 2015, programu inapaswa kukuomba ruhusa kabla ya kugusa kamera, maikrofoni, mahali ulipo au majina ya watu wako. Wengi tunabonyeza "Ruhusu" kama tunavyoitikia litania tukiwa na usingizi.

Wengi wetu wakatoliki hapa kisiwani tumetoka bara kutafuta maisha, kwenye mahoteli ya Nungwi, Kiwengwa, Paje. Wakati wa masika wageni wanapungua, na hela pia. Nimekaa na kijana mmoja aliyekopa kiasi kidogo kwenye programu ya mkopo ya simu. Aliipa ruhusa ya kusoma majina yote. Alipochelewa kulipa, ujumbe ulimfikia mama yake kijijini, bosi wake, mpaka mwenyekiti wa jumuiya, ukimwita tapeli. Kijana akapotea kanisani. Imani alikuwa nayo, kilichomwondoa ni aibu. Aliniambia, "Frateri, kila mtu ameshajua mimi ni nani."

Nikamwambia, "Hapana, mdogo wangu. Wamejua deni lako. Wewe ni nani, anajua aliyekuumba."

Kijana huyu hayuko peke yake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kabla hujakopa kwenye simu, hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Halafu fungua Mipangilio, ingia sehemu ya programu na ruhusa zake, uone nani umempa nini. Programu ya tochi inataka majina ya watu wako ya nini? Mnyang'anye.

Lakini tusidanganyane. Kuondoa programu hakufuti deni, na majina yaliyokwisha kuchukuliwa hayarudi. Dhambi nayo iko hivyo. Msamaha ni kamili, na bado kuna cha kulipa na cha kutengeneza. Ndiyo maana padre anakupa malipizi, na ndiyo maana yule kijana ilibidi aombe radhi nyumbani na apange kulipa polepole.

Na kama fundi asivyoweza kuondoa "kitu fulani", usiende kuungama ukasema "nimekosa kwa ujumla". Taja: ni kubashiri, ni picha chafu saa saba usiku, ni uongo kwa mchumba. Mimi si padre bado, siwezi kukuondolea dhambi. Ninachoweza ni kukusindikiza mpaka mlangoni, na hilo niko tayari hata leo.

Kitubio hakifomati mtu

Wapo wanaosema kuungama ni sawa na kufomati simu. Nia yao njema, ila mimi nasita. Ukifomati, vyote vinakwenda, hata picha za marehemu bibi. Mungu hafanyi hivyo. Petro alimkana Bwana mara tatu, naye baada ya kufufuka hakumfutia kumbukumbu. Alimuuliza mara tatu kama anampenda (Yn 21), na Petro yule yule, mwenye historia ile ile, akakabidhiwa kondoo.

Kuna jambo moja la kufomati linalonigusa, hata hivyo. Tangu Android 5.1, mwizi akiifuta simu kwa nguvu, ikiwaka inauliza akaunti ya mwenyewe aliyekuwa nayo. Kila kitu kimefutwa, na bado simu inamuulizia mwenyewe. Mafundi wajanja huizunguka kinga hiyo. Muhuri wa Ubatizo hakuna anayeuzunguka. Katekisimu (namba 1272) inafundisha kwamba hakuna dhambi inayoweza kuufuta, ingawa dhambi inaweza kuzuia matunda yake. Kwa hiyo hata ukiwa umepotea miaka, mikononi mwa nani sijui, rohoni mwako bado kuna alama inayomuulizia Mwenyewe.

Usikae bila chaji

Umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Wenyeji wanakumbuka Mei 2008, kisiwa kilipokaa gizani karibu mwezi mzima. Ikaja tena Desemba 2009 mpaka Machi 2010, karibu miezi mitatu. Taa zilikuwepo, mafriji yalikuwepo, simu zilikuwepo. Hakuna kilichokuwa kibovu. Kilichokatika ni uhusiano na chanzo, na mwenye jenereta ndiye aliyeonekana tajiri.

Bwana amesema bila yeye hatuwezi kufanya neno lolote (Yn 15:5). Ameonya pia juu ya nyumba iliyofagiwa ikaachwa tupu, pepo akarudi na wenzake saba (Lk 11:24-26). Ukiondoa programu ya kubashiri na jioni yako ukaiacha wazi, wiki ijayo utaipakua tena. Weka kitu mahali pale: Masomo ya Misa, kwaya, mpira na VIWAWA, simu kwa mama.

Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alipenda michezo ya kompyuta kama sisi. Hakuitupa kompyuta. Alijiwekea saa moja tu ya michezo kwa wiki, akatengeneza tovuti ya miujiza ya Ekaristi, na kila siku alikwenda Misa. Chaji yake ilitoka huko.

Zoezi la wiki hii

1. Washa simu yako katika hali salama walau mara moja, uzoee njia yake.
2. Pitia ruhusa za programu zako zote. Futa tatu usizozihitaji.
3. Kaa saa moja mbele ya Ekaristi bila simu. Jiulize swali la fundi: nimeingiza nini karibuni?
4. Kiandike kwa jina lake. Kabla ya Dominika, mtafute padre.

Tusali: Ee Bwana, uliyetuumba wema, tuonyeshe tulichokiongeza kinachotuumiza. Tupe ujasiri wa kukitaja na nguvu ya kukiacha. Wakumbuke wenzetu waliokimbia kwa aibu, wajue kwamba bado ni wako. Tuunganishe nawe kila siku, wewe uliye chanzo cha uzima wetu. Mtakatifu Yosefu, msimamizi wetu, utuombee. Amina.

Ni mimi frateri wenu. Kama unamjua aliyeacha kuja, mtumie hii leo, halafu mpigie.