Wajane Walioachwa Kwenye Mgao

Somo: Matendo ya Mitume 6:1-7

Jumapili iliyopita nilihubiri mistari saba tu, na baada ya ibada wengine mkaniambia hamkutarajia kusikia habari za bajeti ya kaunti kutoka madhabahuni. Nimeombwa niyaandike hapa, ili na wale waliokuwa kazini Diani au shambani wayapate. Basi fungua Biblia yako, twende pamoja.

Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na moto. Watu wanaokoka kwa maelfu, wagonjwa wanapona, mitume wametolewa gerezani usiku na malaika. Katikati ya uamsho huo huo yakazuka manung'uniko, na hayakuwa ya mafundisho. Yalikuwa ya chakula. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wanarukwa kwenye mgao wa kila siku. Angalia vizuri hapo. Hatuambiwi kwamba chakula kilikosekana. Kilikuwepo, na kilikuwa kinagawanywa. Ila kuna akina mama ambao kila zamu ikiwafikia, sufuria imeshakwanguliwa.

Sasa tazama mitume hawakufanya nini. Hawakuwaambia wale wajane wafunge siku tatu. Hawakuwakemea kwamba wana roho ya kunung'unika. Walisema wao hawataacha neno ili wahudumu mezani, ni kweli, lakini hawakusema meza haina maana. Waliita wanafunzi wote pamoja, wakawaambia wachague watu saba wanaoshuhudiwa kuwa wema, waliojaa Roho na hekima. Na ukisoma majina yaliyochaguliwa, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, yote saba ni ya Kiyunani. Yaani upande uliokuwa unalia ndio uliokabidhiwa mwiko! Mimi nilisomea biashara chuoni, na nawaambia kweli, miaka yote ile sikufundishwa somo la usimamizi linalopita hilo.

Halafu wakawaombea na kuwawekea mikono. Mikono ya mitume, kwa kazi ya kugawa chakula. Na mstari wa 7 unasema neno la Mungu likazidi kuenea, hata makuhani wengi wakaamini. Mgao ulipotengenezwa, injili ikapata njia.

Sasa tuje hapa kwetu Jego. Mnaujua Mto Umba. Mvua ikinyesha kwenye milima ya Usambara kule Tanzania, maji yanateremka hadi huku hata kama kwetu siku hiyo ni jua kali. Nyumba nyingi za wajane wetu ni za miti na udongo, makuti juu. Maji yakilala ndani usiku mmoja, udongo unalainika. Yakilala siku tatu, ukuta unabaki fito tupu. Kanisa tumechanga mara nyingi, tukanunua mabati na misumari, na tutaendelea kuchanga. Lakini tusidanganyane. Sadaka yetu haiwezi kujenga tuta la mto, wala mtaro, wala barabara ya kumtoa mgonjwa. Hayo yanafanywa na fedha za umma, na hizo fedha ni zetu. Hata mama anayenunua sabuni moja dukani amelipa kodi.

Kwale ina wadi 20, na sisi tuko wadi ya Vanga. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 inataka kaunti ipeleke mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Na Katiba inataka wananchi washirikishwe. Ndiyo maana maafisa wanakuja kukaa chini ya mwembe na madaftari, wakiuliza mnataka nini. Hiyo ndiyo meza ya mgao. Ukifika Mei kulalamika, sima imeshasongwa na imeshapakuliwa.

Na pale mezani, walokole wako wapi? Wengi wetu tunasema, "Hayo ni mambo ya siasa, mimi ni mtu wa maombi." Mpendwa, mjane aliyerukwa Yerusalemu naye alikuwa mtu wa maombi. Anayekwenda kwenye kikao ndiye anayesikika. Usipokuwepo, mradi utakwenda kwa wale waliokuwepo, na hawakuiba kitu. Walihudhuria tu.

Kuna jambo lingine la kusemwa waziwazi. Wengi mnaniuliza, "Pasta, hizi nyumba za serikali nasi tutapata?" Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilitiwa saini Machi 2024. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 1.5, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Vijana wetu wanaofanya kazi hotelini wanayaona makato hayo kila mwezi. Lakini nyumba zile zinanunuliwa, mtu analipa kidogo kidogo kwa miaka. Si zawadi kwa aliyebomokewa na nyumba. Nasisitiza hivi kwa sababu mama mmoja wa ushirika wetu aliuza mbuzi wake wawili akampa mtu aliyemwahidi kumtia kwenye orodha ya nyumba za bure. Mtu huyo simu yake haipatikani tena. Kujiandikisha Boma Yangu hakuna malipo. Akija mtu anauza fomu, mwulize ofisi yake iko wapi, na risiti yake ina muhuri wa nani. Akianza kukasirika, umeshajua.

Aliyebomokewa aandikishwe kwa chifu mapema, kwa jina na kwa kijiji, maana misaada ya mafuriko inafuata orodha, na orodha haijazi yenyewe. Mzee aliyefika miaka 70 aulizie Inua Jamii kwa afisa wa maendeleo ya jamii. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Si nyingi, lakini ni unga.

Ruzuku za vikundi nazo zina utaratibu wake. Kwale ilikuwa mojawapo ya kaunti 21 za mradi wa NARIGP, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na pesa zile zilipitia vikundi vya wakulima, si mfuko wa mtu mmoja. Kikundi kinatakiwa kiwe na cheti, katiba, akaunti ya benki na kumbukumbu za vikao. Wengine mnasema, "Wale walipendelewa." Pengine kuna waliopendelewa, sikatai. Lakini ukiuliza kumbukumbu za kikundi chako ukaambiwa ziko kichwani kwa katibu, hapo huna haja ya kumtafuta adui mbali.

Tazameni majirani zetu. Vanga, Jimbo na Kiwegu wanalinda mikoko, na hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko ile inauzwa, na sehemu ya fedha inarudi kwa miradi ya vijiji. Wengi wao ni Waislamu. Mti wa mkoko hauulizi unasali wapi, na tuta la Umba likijengwa litazuia maji yasiingie kwa Mama Fatuma na kwa Mama Grace kwa pamoja. Kwa hiyo tukienda kikaoni hatuendi kutafuta fungu la kanisa. Tunakwenda kutafuta aliyerukwa, awe wa kwetu au asiwe wa kwetu.

Na sasa neno kwa ninyi mliochaguliwa kuwa waweka hazina na wanakamati. Paulo alipopeleka mchango wa makanisa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Soma 2 Wakorintho 8, mistari ya 18 hadi 21. Alitaka wenzake waende nao, mtu asije akapata la kumlaumu. Huyo ni mtume, aliyeona mbingu ya tatu! Wewe nawe soma hesabu mbele ya watu, mbele ya wenye kelele na mbele ya mama asiyejua kusoma. Risiti ikipotea, sema imepotea siku hiyo hiyo. Usiseme "Mungu anajua." Ni kweli anajua, na ndiyo maana ungepaswa kutetemeka.

Wazee wa kanisa wamekubali tutengeneze orodha yetu wenyewe kabla ya kikao kijacho cha bajeti, tuipeleke kwa chifu na kwa MCA tukiwa na nakala mkononi. Daftari liko kwenye meza ya nyuma, karibu na mlango wa akina mama. Andika jina la mjane au mzee unayemjua, kijiji chake, na hali ya nyumba yake: kuta, paa, maji yalifika wapi. Mwombe ruhusa kwanza kabla ya kumwandika. Vijana wawili wa kwaya wenye baiskeli watapita Jumamosi kwa wale wasioweza kufika.