Deni la Moshi ni la Nani?

Kupima hewa ya ukaa inayotokana na biashara ni kazi ya hesabu. Kuamua iandikwe kwenye daftari la nani ni swali la haki. Mwongozo wa GHG Protocol, uliotoka 2001, huigawa mafungu matatu: moshi wa mitambo ya biashara yenyewe, umeme inaonunua, na yote yanayotokea kabla na baada yake katika mnyororo wa bidhaa.

Fungu la kwanza ni jepesi. Mwenye duka wa mji wa Baraka, mashariki mwa Kongo, anayewasha jenereta huandika lita za mazutu alizonunua. Kila lita ikiungua hutoa kilo 2.7 hivi za hewa hiyo. Ugumu uko kwenye fungu la tatu. Dhahabu ya Misisi, kusini mwa eneo hilohilo la Fizi, huchimbwa na wachimbaji wadogo, kisha huvuka mipaka. Kiwanda kinachoisafisha ng'ambo kikiripoti umeme wake tu, miti iliyokatwa machimboni inabaki bila mwenyewe.

Wapo wasemao aliyechafua ndiye alipe. Kanuni hiyo ina uzito, ila humwelemea mchoma makaa wa machimboni asiye na riziki nyingine. Papa Francis, katika waraka wake Laudato si' wa 2015, alizungumzia deni la kiikolojia la Kaskazini kwa Kusini. Kwa mizani hiyo wajibu hufuata faida na uwezo: mnunuzi mkubwa aanze kupunguza, kwa kugharimia umeme wa jua machimboni na upandaji miti. Kununua hati za kaboni ili kufidia moshi bila kuupunguza ni toba isiyoacha dhambi. Na ili deni lisifichwe, ripoti ya kweli hutaja mwaka wa kulinganishia, mipaka ya hesabu na yaliyokadiriwa.