Daraja na Deni: Juu ya Mtu wa Kwanza wa Ukoo Kufika Chuo Kikuu

Katika kila ukoo uliopanda ngazi ya elimu yupo mmoja aliyetangulia. Kabla yake hapakuwa na ndugu aliyewahi kuketi katika ukumbi wa chuo kikuu. Baada yake huenda wakafuata wengi, na huenda asifuate hata mmoja. Insha hii yakusudia kumtazama mtu huyo na kuuliza swali moja la maadili. Je, taifa likisha kumfungulia mlango, limekwisha kutimiza wajibu wake, au angali na haki ya kushikwa mkono mpaka aizoee nyumba?

Natuchukue mfano wa Kigonsera, katika wilaya ya Mbinga. Hapo Wabenediktini walifungua misheni mwaka 1899, na hapo ipo shule ya sekondari inayojulikana kote Ruvuma na nje yake. Kijana wa mkulima wa kahawa wa Umatengo, au wa mvuvi wa usipa kutoka Liuli na Mbamba Bay, akifaulu mtihani wa kidato cha sita, huanza safari ya takriban kilomita elfu moja hadi Dar es Salaam. Ada haimzuii shuleni kama ilivyowazuia kaka zake. Katika shule za serikali iliondolewa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, na kwa kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Ipo pia Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mlango, basi, umefunguliwa kweli, na si haki kuibeza kazi hiyo.

Lakini tuingie ndani ya mlango. Kuomba mkopo kwahitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, mdhamini, mihuri ya serikali ya kijiji au mtaa, na siku ya mwisho isiyongoja mtu. Masomo ni kwa Kiingereza, na mhadhiri aweza kusema saa nzima asiandike neno ubaoni. Fedha za kujikimu, ambazo wanafunzi huziita bumu, huja kwa mkupuo, nazo hazina budi kugawanywa ziwatoshe miezi kadhaa. Mtoto wa mwalimu au wa daktari amekwisha kuyasikia mambo haya tangu utotoni, wakati wakubwa wakizungumza wakila. Mwenzake wa Kigonsera hana wa kumwuliza. Na lililo baya zaidi, hajui kuwa hayo ni mambo ya kuulizwa. Kila kikwazo hukiona kuwa ni ushahidi wa upungufu wa akili yake mwenyewe. Hunyamaza. Na ukimya ndio unaowaangusha wengi, kwani mwanafunzi anayekosa maarifa ya kitabu huonekana katika mtihani, lakini anayekosa wa kumwuliza haonekani popote mpaka siku atakaporudi kijijini na sanduku lake.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Wamatengo walikuwa na sengu. Wanaume wa ukoo mmoja, wazee kwa vijana, walikula pamoja, na penye chakula hicho ndipo mashauri yalipokatwa, ugomvi uliposuluhishwa na vijana walipojifunza mwenendo wa watu wazima kwa kusikiliza. Upande wa Tunduru, Wayao walikuwa na jando na unyago. Taratibu hizi zatofautiana kwa mengi, lakini kanuni yake ni moja: mtu hasukumwi kuingia katika hali mpya ya maisha bila ya mtu aliyetangulia kumweleza yaliyomo. Wala hakuna aliyesema kuwa kijana aliyefundwa amependelewa. Aliyeachwa bila ya kufundwa ndiye aliyehesabiwa kuwa amedhulumiwa na wakubwa wake. Hata mithali yetu ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu yachukulia kuwa katika siku mbili zile mwenyeji amekwisha kumwonyesha mpaka wa shamba.

Wapo watakaopinga. Watasema: mtihani ulikuwa mmoja kwa wote, na kumpa mmoja maandalizi ya ziada ni kuvunja usawa. Hoja hii ina uzito, maana taifa letu limejengwa juu ya usawa. Lakini usawa wa karatasi ya mtihani si usawa wa njia iliyomfikisha mtu kwenye karatasi hiyo. Katika miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kuwapa wasichana mafunzo ya wiki chache kabla ya kuingia katika masomo ya sayansi, kwa kuwa idadi yao humo ilikuwa ndogo mno. Walifundishwa, wakatahiniwa, na waliofuzu ndio walioingia. Kipimo hakikushushwa, waliwezeshwa kukifikia. Na hilo latukumbusha kasoro ya sengu yenyewe, kwamba iliwahusu zaidi wanaume. Tukiirithi desturi, si lazima turithi na upungufu wake. Hata Marekani, pamoja na utajiri wake, iliona tangu mwaka 1965 kwamba mlango peke yake hautoshi, ikaanzisha mpango wa Upward Bound kwa vijana wa koo maskini.

Upande wa pili wa swali ni deni la kijana mwenyewe, na hapo historia yetu ina mengi ya kusema. Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu mia nne walirudishwa makwao. Mwezi wa Novemba 1974 Azimio la Musoma liliagiza kwamba mwanafunzi afanye kazi kwanza, apate na sifa njema kwa wenzake kazini, ndipo aende chuo kikuu. Sharti ambalo baada ya muda mfupi lililegezwa kwa wanawake. Utumishi wa lazima wa jeshi hilo ulisimama mwaka 1994, ukarejeshwa kwa wahitimu wa kidato cha sita mwaka 2013. Hilo lilikuwa daraja, na daraja jema, la kumkumbusha msomi kwamba alisomeshwa kwa jasho la watu. Lakini lilijibu swali moja tu, la nini taifa lamdai kijana. Swali la nini taifa linadaiwa na kijana huyo lilibaki pembeni. Deni la upande mmoja huzaa manung'uniko. Deni la pande mbili ndilo liitwalo udugu.

Tena daraja hupitwa kwenda na kurudi. Kijana wa Umatengo hafiki chuoni mikono mitupu. Amekulia penye ngolo, mashimo ya kulimia katika miteremko mikali. Nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunikwa juu ya nyasi hizo. Shimo huyazuia maji ya mvua yasiuchukue udongo, nyasi huoza zikawa mbolea, na juu ya matuta hupandwa maharagwe, kisha mahindi. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na wenzao wa Japani, walikuja Mbinga kujifunza elimu hiyo kwa wakulima. Ikiwa chuo kikuu kilisafiri hadi shambani kwa bibi kutafuta maarifa, kwa nini mjukuu wa bibi huyo aingie darasani akidhani kuwa hajui kitu? Maandalizi yatakayomfundisha kijana kuwaonea haya watu wake yatakuwa yamemvusha mto na kukata kamba nyuma yake.

Kati ya mtihani wa mwezi wa Mei na kufunguliwa kwa vyuo mwezi wa Oktoba au Novemba, upo muda. Shule za sekondari zipo, na wapo wanafunzi wa vyuo waliorudi makwao likizoni, ambao jana tu waliyaonja machungu hayo. Wiki mbili za kuketi pamoja, wavulana kwa wasichana, kuzungumzia fomu, fedha, maktaba na namna ya kumwuliza mhadhiri, hazihitaji jengo jipya. Zahitaji nia.

Tusifikiri kuwa anayeanguka huanguka peke yake. Mtu wa kwanza wa ukoo akishindwa, baba huwatazama wadogo zake na kusema kwamba elimu ile haikuumbwa kwa watu kama wao. Na kahawa ya mwaka ujao haiuzwi tena kwa ajili ya nauli ya chuo. Akifaulu, njia imefyekwa. Basi na tumhesabu kuwa ni mgeni wa taifa zima, tumketishe penye chakula, tumweleze yaliyomo ndani ya nyumba, kisha tumkabidhi jembe. Hapo tutakuwa na haki ya kumdai mavuno.